Ushuhuda wa Kaa wa Mtoni

(Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni, kutoka Lurambi, Kakamega)

Masomo: Ezekieli 34:17-22, Ayubu 12:7-10

  

Neno letu la leo limetoka katika kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 34. Wengi twaijua sura hiyo kwa ajili ya wachungaji wabaya, ambao walijilisha wenyewe wakawaacha kondoo watawanyike. Lakini kuanzia fungu la 17 Bwana awaacha wachungaji, awageukia kondoo wenyewe. Asema atahukumu kati ya kondoo na kondoo, kati ya walionona na waliokonda. Na kosa la hao walionona ni lipi? Walikula malisho mema, kisha wakayakanyaga yaliyosalia. Walikunywa maji matulivu, kisha wakayavuruga kwa miguu yao, na wenzao waliokuja nyuma ikawabidi kunywa tope. Bwana hakuwalaumu kwa kunywa, maana maji ni yake naye huwapa wote. Aliwalaumu kwa kuwa walipokwisha kukata kiu hawakumkumbuka yule aliyekuwa akija nyuma.

Tena tumesoma Ayubu sura ya 12. Ayubu alikuwa na rafiki wenye maneno mengi, waliodhani wanajua kila kitu. Akawaambia waende wakawaulize wanyama na ndege, wakaiulize nchi, na samaki wa baharini nao watawaeleza. Kwa maana viumbe hivyo vyote vyajua ni mkono wa nani uliowafanya. Basi leo nasi tutafanya kama Ayubu alivyoshauri. Tutamwita kiumbe mmoja wa majini atoe ushuhuda wake mbele yetu. Kiumbe huyo ni kaa.

Pengine mtu atauliza, "Kaa si mnyama wa pwani? Sisi wa Lurambi tuna habari gani naye?" Ndugu, kaa tunao. Yeyote aliyelelewa karibu na kijito, awe wa Butsotso, wa Shirere, wa Mahiakalo au wa Sheywe, anajua kwamba ukiinua jiwe taratibu katika maji yaendayo polepole, waweza kumkuta kaa wa rangi ya udongo ameinua magando yake tayari kukubana. Huyo ni kaa wa maji matamu. Wataalamu wanaiita jamii yake Potamonautes, nayo imeenea katika mito ya Afrika, tangu vijito vya milimani hata maziwa makubwa.

Kwa desturi kaa hana heshima kubwa. Katika Walawi sura ya 11 viumbe vya majini visivyo na mapezi wala magamba kama ya samaki vilihesabiwa kuwa najisi, na kaa yumo katika hao. Lakini Mungu wetu hachagui mashahidi kwa ukubwa wao. Katika Hesabu sura ya 22, nabii Balaamu hakumwona malaika aliyesimama njiani na upanga. Punda wake ndiye aliyemwona. Basi tusimdharau kaa. Huenda ameona jambo ambalo sisi tuliopanda juu ya punda hatujaliona.

Kwanza tueleze kwa nini wataalamu wa maji humpenda kaa kama shahidi. Mtu akichota maji ya mto katika chupa siku ya Jumatatu na kuyapeleka kupimwa, chupa ile itamweleza habari za maji ya Jumatatu tu. Kama mtu alimwaga sumu Jumamosi usiku, sumu ile imekwisha kwenda zake, na chupa itasema maji ni mema. Lakini kaa alikuwapo Jumamosi usiku. Hana mabawa ya kuruka kama wadudu wengine wa majini wanapokomaa. Hawezi kuogelea mbali kama samaki. Kaa wa baharini huyaacha makinda yake madogo sana yachukuliwe na maji, yakulie mbali. Wa mtoni hafanyi hivyo. Mama hubeba mayai yake chini ya mkia uliokunjwa tumboni, na yakianguliwa watoto hutoka wakiwa na umbo kamili la kaa, nao hukaa hapo chini ya mama kwa muda kabla ya kujitegemea. Kwa hiyo ukoo wa kaa hukaa katika kijito kile kile. Huvuta pumzi kwa matamvua yanayopitiwa na maji yale yale, na kula majani yaliyooza, wadudu, konokono na mizoga katika matope yale yale. Lolote lipitalo mtoni, kaa hulipata.

Wataalamu basi humwuliza kaa maswali matatu. Swali la kwanza: Je, yupo? La pili: Amebeba nini mwilini? La tatu: Je, anafanya kazi yake? Tuyatazame moja moja, na tutaona ya kuwa maswali hayo yanatufaa sisi pia.

SWALI LA KWANZA: JE, YUPO?

Kaa wa mtoni ni mvumilivu. Kinyesi cha ng'ombe kidogo, tope la mvua, majani yaliyooza, hayo yote huyastahimili kuliko wadudu wengi wa majini walio laini. Kwa sababu hiyo, akionekana, hatuwezi kusema mara moja kwamba maji ni safi. Lakini mahali alipokuwa akiishi siku zote, akitoweka, ni lazima tuulize. Huenda ni ukame, au miti ya ukingoni imekatwa na majani aliyokula hayapo tena. Huenda pia ni sumu.

Yapo mambo ambayo uvumilivu wa kaa hauyawezi. Kaa ni jamaa wa karibu wa wadudu. Wote wana gamba la nje na miguu ya vifundo. Dawa iliyotengenezwa ili iue wadudu shambani haimbagui kaa. Tuseme mkulima amepanda nyanya na sukumawiki karibu na maji. Amenyunyizia dawa vizuri, mboga zimepona. Jioni ashuka mtoni na bomba lake mgongoni, alisuuza, amwaga masalio majini, akiisha kuosha mikono arudi nyumbani. Hakukusudia ubaya. Lakini masalio yale, ambayo kwa macho yake ni maji meupe tu, yaweza kuua kaa wadogo na wadudu wa majini kabla samaki mmoja hajageuza tumbo juu. Ndivyo ilivyo pia kwa dawa ya kupe ya josho ikimwagwa kijitoni. Kaa husema mapema, kabla ya wakubwa kusema. Watu wa pwani wana methali: kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Kwetu sisi, afadhali tumtazame kabla mambo hayajakatika.

Sheria ya nchi imelikumbuka jambo hili. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima au kujenga katika ukanda wa kandokando ya mto, kila upande, usiopungua meta 6 na usiozidi meta 30, ukipimwa kutoka pale mafuriko makubwa yalipofika. Sheria hiyo haikuwekwa kumnyang'anya mtu shamba. Ukanda ule wa nyasi na miti huzuia udongo na dawa visiingie majini. Lakini sheria haina macho usiku, wala askari hawezi kusimama kwenye kila kijito. Jirani mwenye hofu ya Mungu ndiye ukingo wa kweli wa mto.

SWALI LA PILI: AMEBEBA NINI?

Yawezekana kaa yupo, atembea, ala, ainua magando kama kawaida. Kwa nje hana neno. Hapo wataalamu humchukua na kumpima ndani. Katika nchi ya Afrika ya Kusini, kaa wa mito inayopita karibu na viwanda, migodi na miji wamepimwa hivyo, na ndani yao yakakutwa madini kama shaba, zinki, risasi na kadimi. Mengine hukaa katika matamvua, mengine katika kiungo kile cha tumboni kinachofanya kazi kama ini, na mengine katika gamba lenyewe. Madini yaliyo machache mno majini, ambayo huyaoni wala huyaonji, mwilini mwa kaa hujikusanya kidogo kidogo, hata yakawa mengi. Mwili wake umekuwa kitabu, na kila kilichopita mtoni kimeandikwa humo.

Hapa kwetu magharibi mwa Kenya kaa alipata kubeba shahidi mwingine mgongoni mwake. Wazee wanaukumbuka au walihadithiwa ule ugonjwa wa upofu wa mtoni, unaoletwa na usubi, vijiinzi vidogo vyeusi viumavyo karibu na mito. Ugonjwa huo ulikuwa katika bonde la Kodera huko Nyanza ya Kusini, na huku kwetu upande wa Kaimosi na Kakamega. Mwaka 1946 wataalamu McMahon na Garnham walianza kutia dawa ya D.D.T. katika mito ya Kodera ili kumaliza usubi. Lakini mabuu ya usubi ule yalikuwa hayajulikani yanakaa wapi. Watu walitafuta kwenye mawe na majani ya mtoni, wasiyaone. Ndipo mwaka 1950 ikatangazwa kwamba yamegunduliwa: yalikuwa yameshikamana na mwili wa kaa! Adui aliyewapofusha watu alikuwa akilelewa mgongoni mwa mnyama ambaye hakuna aliyefikiri kumtazama. Katika miaka ya 1950 usubi wa namna hiyo ukamalizwa katika Kenya. Na jirani zetu wa Uganda, katika vita vyao wenyewe na ugonjwa huo, pamoja na kule upande wa pili wa Mlima Elgon, wamekuwa wakiwatega kaa wa mtoni na kuwatazama mmoja mmoja. Kaa akikutwa hana mabuu, ni habari njema kwa vijiji vyote vya bonde lile. Fikirini jambo hilo, ndugu. Macho ya mtoto wa kijijini huchungwa kwa kumchunguza kaa.

Swali hili la pili ni swali la Roho Mtakatifu kwetu. Si kila aonekanaye mzima ni mzima. Bwana Yesu aliwaambia Mafarisayo, katika Mathayo sura ya 23, kwamba husafisha kikombe kwa nje ilhali ndani kumejaa unyang'anyi, na akawaagiza waanze na ndani. Vitu vidogo vidogo tunavyovihesabu si kitu, neno la uongo kidogo, kipimo cha dukani kilichopunguzwa kidogo, kinyongo kidogo kwa ndugu, havipiti tu vikaenda zake. Hujikusanya. Na siku ya kupimwa itakuja.

Na mambo ya gizani yana tabia ya kurudi mezani. Mwaka 1999 nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia kwa muda samaki wa Ziwa Victoria wasiingie katika nchi zao, kwa kuwa ilijulikana kwamba kulikuwa na wavuvi waliowaua samaki kwa sumu ya wadudu iliyomwagwa ziwani. Wachache walifanya hivyo usiku, lakini hasara iliwafikia wengi: wavuvi waaminifu, wachukuzi, wafanya kazi wa viwanda vya samaki na watoto wao waliokosa karo.

Tusidhani ziwa ni habari za watu wengine. Mto wetu wa Isiukhu hutoka upande wa milima ya Nandi, hupita katika Msitu wa Kakamega, hupita karibu na mji wetu, na kushuka hata maji yake yakachanganyika na ya Nzoia. Nzoia nayo huingia Ziwa Victoria kule Budalangi. Kisha samaki na omena wa ziwa hilo hupakiwa magarini, wakaja kuuzwa katika soko la Kakamega. Kile tulichokipeleka kwa mto chaweza kurudi kwa sahani.

Lakini tuseme na neno la faraja. Kaa hukua kwa kujivua gamba. Gamba la zamani hupasuka, naye hutoka akiwa laini kabisa, hana silaha, akajificha chini ya jiwe mpaka gamba jipya ligumu. Na baadhi ya madini yaliyokuwa yamekaa katika gamba huachwa pamoja nalo. Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso sura ya 4, asema tuvue utu wa kale na kuuvaa mpya. Kujivua ni kazi ya hatari, maana mtu anayetubu huwa laini mbele ya watu, waweza kumcheka. Lakini kaa asiyejivua hakui.

SWALI LA TATU: JE, ANAFANYA KAZI YAKE?

Kwa swali hili tusafiri mpaka pwani, maana huko kaa wametoa ushuhuda wa ajabu. Na si safari ya ugenini. Jamaa nyingi za hapa Lurambi zina mwana au binti anayefanya kazi Mombasa, na wengi wao hupanga nyumba Changamwe na Mikindani. Chini ya Mikindani kuna mkono wa bahari uitwao Tudor, wenye msitu wa mikoko. Maji machafu ya majumbani na ya vyoo, bila kusafishwa, yamekuwa yakishuka kutoka makazi ya watu na kuingia katika mikoko hiyo.

Katika matope ya mikoko huishi kaa wadogo kwa maelfu, ambao dume ana gando moja kubwa sana na jingine dogo. Kazi yao haionekani kuwa na maana kwa mpita njia. Huchimba mashimo, huyachekecha matope wakitafuta chakula, na kuyatema tena kwa vidonge vidogo vidogo. Lakini kwa kazi hiyo huyapindua matope kama mkulima apinduavyo udongo kwa jembe. Hewa huingia chini, na mikoko hufaidika. Na mikoko ikistawi, samaki hupata pa kuzalia, na pwani hupata kinga ya mawimbi.

Wataalamu waliwalinganisha kaa hao na kaa wa msitu mwingine wa mikoko ambao haukufikiwa na maji machafu ya mji. Matokeo ya kazi yao yalitangazwa mwaka 2011. Ungetazamia wakute kaa wamekufa au wamekonda palipo na uchafu. Sivyo! Waliposhindilia kupima uzito wa kaa wote wa mahali, palipo na uchafu ndipo palipokuwa na uzito mkubwa zaidi. Mtu wa kupita angesema, "Kumbe maji ya vyoo hayana neno; tazama kaa walivyo wengi!" Lakini walipopima matope ambayo kaa hao waliyachimba na kuyachekecha, yalikuwa machache kuliko ya wenzao wa mahali safi. Kaa walikuwapo, tena wengi, lakini kazi yao ilikuwa imepungua. Si vigumu kufahamu sababu. Uchafu ule ni chakula kingi kilichomwagwa mlangoni. Mwenye kushiba upesi hana haja ya kuchimba. Wataalamu wakaonya ya kwamba hiyo ni namna ya uharibifu uliojificha: hesabu yapendeza, na msitu unapoteza watumishi wake.

Ndugu wapenzi, tuliposoma habari hizo tulikumbuka kanisa la Laodikia katika Ufunuo sura ya 3. Kanisa lile lilijihesabu kuwa tajiri, halihitaji kitu. Bwana alipolipima aliliona kuwa maskini, kipofu na uchi. Na tukawakumbuka wale kondoo walionona wa Ezekieli. Kunona kwao hakukuwa ushuhuda wa afya ya zizi. Kulikuwa ushuhuda juu yao.

Basi tuulize kwa upendo. Jumapili hapa Lurambi na Kakamega yote, makanisa yetu ni ya Marafiki, ya Kianglikana, ya Kipentekoste, ya Church of God, ya Jeshi la Wokovu, na mengine, na mengi yao hujaa. Kwaya zaimba, sare zinang'aa, sadaka yahesabiwa. Swali la kwanza tumelijibu: watu wapo. Lakini je, matope ya mahali tulipo yanapinduliwa? Mjane wa jirani ana mtu wa kumchotea maji? Kijana aliyetoka jela ana mlango wa kubisha? Chemchemi ya kijiji ina mtu wa kuifyekea nyasi? Kanisa laweza kuhesabiwa kwa vichwa na kuonekana limenona, huku kazi yake ikipungua mwaka hata mwaka.

Sasa tuje kwa jambo lililo gumu zaidi. Vijana wengi wa mji huu hupata mkate wao kwa kuosha pikipiki na magari kando ya maji. Mafuta, grisi na sabuni vyaenda mtoni, na chini kidogo mama mmoja anajaza mtungi wake. Ni rahisi sana kwa mhubiri kuwakemea vijana wale. Lakini yafaa tuulize, gari lile ni la nani? Gari linaloingia uwanjani mwa kanisa Jumapili asubuhi likimetameta, Jumamosi jioni lilikuwa wapi? Kama mwenye gari alilipeleka mtoni, basi huenda anayeketi kiti cha mbele ndiye kondoo aliyenona, na kijana mwenye kitambaa mkononi alikuwa mguu wake tu. Mama wa mtungi ndiye kondoo aliyekuja nyuma. Na mtoto wake akishikwa na tumbo usiku, hakuna atakayelikumbuka gari lile. Lakini Bwana amesema atahukumu kati ya kondoo na kondoo.

Hatusemi vijana wafukuzwe wakose chakula. Kumnyima mtu kazi bila kumwonyesha njia nyingine ni kuhamisha uchafu kutoka mtoni kuutia nyumbani mwake. Lakini njia zipo. Mahali pa kuoshea paweza kuondolewa ukingoni pakawekwa juu, mbali na maji, pakachimbwa shimo la kokoto na mchanga la kupokea maji machafu, na oili iliyotumika ikakusanywa katika madebe badala ya kumwagwa. Mwenye gari na akatae kuosha mtoni, na akubali kuongeza shilingi chache kwa kijana anayechota maji na kuoshea mahali pafaapo. Hiyo nayo ni sadaka, ijapokuwa haipiti katika kikapu.

Mkulima naye na asuuze bomba lake shambani, maji ya kusuuza ayanyunyizie mimea ile ile, wala chupa tupu ya dawa asiitupe kijitoni. Anayelima mpaka ukingo wa maji na arudi nyuma, aache nyasi na miti ya kienyeji ishike udongo. Na akina baba wa kanisa watazame choo cha kanisa lenyewe: kiko wapi, na chemchemi iko wapi? Tangu mwaka 1981, ulipoanza mradi wa maji wa Kenya na Finland huku magharibi, chemchemi nyingi zilijengewa kwa saruji na bomba la kuchotea, na vizazi vimekunywa hapo. Kazi ile ilikuwa njema. Lakini saruji haiwezi kuilinda chemchemi ikiwa juu yake pamechimbwa choo au pamemwagwa taka.

Tena walimu wa shule ya Jumapili, hapa pana somo jema. Wachukueni watoto kijitoni siku ya mchana mkavu, pamoja na watu wazima wa kuwatunza, wainue mawe taratibu, watazame kaa na wadudu wa majini, wahesabu, wayarudishe mawe mahali pake. Mwaka ujao wafanye hivyo tena pale pale. Mtoto aliyemhesabu kaa hatakuwa mzazi wa kumwaga sumu. Na ikiwa mwaka mmoja hesabu itashuka ghafula, wazee wa kijiji wapashwe habari, na wenye elimu ya maji waitwe waje wapime.

Wapenzi wasikilizaji, Ezekieli huyo huyo, katika sura ya 47, alionyeshwa mto mwingine. Ulitoka chini ya kizingiti cha nyumba ya Mungu, ukaenda ukiongezeka, na kila mahali mto ule ulipofika, viumbe vikaishi na samaki wakawa wengi sana. Angalieni ulianzia wapi: ulianzia nyumbani mwa Mungu. Swali lililo mbele ya kila mkutano wa waumini ni hili: maji yanayotoka kwetu yanapofika kwa jirani wa chini, humletea uhai au humletea ugonjwa? Tusijibu upesi kwa kinywa. Wa chini yetu wanajua jibu, na kaa anajua, na Bwana aliyemfanya kaa anajua.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyeyakusanya maji mahali pake na kuyajaza viumbe vyenye uhai, twakushukuru kwa mito yetu, kwa Isiukhu na vijito vyake vyote, na kwa kila chemchemi inayotunywesha. Tupe macho ya kuviona viumbe vidogo unavyovitumia kutuonya. Tupime ndani, Bwana, utuvue kila kilichojikusanya mioyoni mwetu. Utuepushe na kunona kusiko na kazi. Wabariki vijana wanaotafuta riziki yao kando ya maji. Wape njia njema, na wape wazee moyo wa kuwasaidia. Mkumbuke mama ajazaye mtungi wake leo, na mtoto atakayekunywa. Utufanye kuwa watu wamkumbukao yule anayekuja nyuma. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Mchungaji Mwema. Amina.